Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Atlanta

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa (CDC),
Atlanta, Georgia, Marekani.

YAH: PONGEZI KWA SUBIRA YENU JUU YA DAMU YA WATOTO WACHANGA



Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mjini Lexington, Kentucky, ambako ndugu zetu waliotoka Kongo ni wengi kiasi kwamba hata dukani mtu hukuuliza habari za nyumbani kwa Kiswahili. Kazi yangu ni kuketi kwenye kiti cha tatu katika chumba cha daktari, nikimpa mama maneno ya daktari na daktari maneno ya mama. Udaktari sikusomea. Ila miongozo yenu huwafikia akina mama wetu ikipitia kinywani mwangu, kwa hiyo nimeona si utovu wa adabu nikiwaandikia.

Nianze na pongezi. Kwa miaka mingi, mama mwenye virusi vya homa ya ini C alipojifungua, agizo lilikuwa mtoto asubiri hadi afikishe miezi 18 ndipo apimwe. Sababu ilikuwepo, wala siibezi. Kingamwili za mama hupita kwenye kondo na huweza kukaa katika damu ya mtoto zaidi ya mwaka, kwa hiyo ukimpima mapema kwa kipimo cha kingamwili, hujui anayejibu ni mama au mwana. Basi mkaamua kumngoja mama anyamaze. Wakati huohuo kipimo kinachokisaka kirusi chenyewe kilikuwa maabara, kikitumiwa kila siku kwa watu wazima.

Miezi 18! Kwa umri huo mtoto ana meno, anakimbia, na akiona koti jeupe anajua linataka nini. Tumwache yeye. Wazazi wake wamehama nyumba, wamebadili namba za simu, bima imekatika na kurudi ikiwa na jina lililokosewa. Huku kwetu Kentucky, kwenye milima ya Appalachia, ambako vidonge vya maumivu na kisha heroini vimevunja nyumba nyingi, mtoto huenda analelewa na bibi, au mahakama imemkabidhi kwa walezi ambao hawajawahi kumwona aliyemzaa. Mlezi huyo atajuaje kwamba kuna damu ya kuchukuliwa? Nyinyi wenyewe mmekiri kwa maandishi kwamba watoto wengi waliostahili kupimwa hawakupimwa. Mpango haukuwa na kasoro, watoto tu ndio hawakuheshimu miadi.

Novemba 2023 subira ikawaishia. Mkatangaza kwamba mtoto apimwe kirusi chenyewe, kwa kipimo cha RNA, akiwa na umri wa kati ya miezi 2 na 6. Kisipoonekana, yameisha, aende zake akakue. Kikionekana, apelekwe kwa mjuzi wa ini la watoto. Nawashukuru bila kejeli kwa hilo, kwa kuwa ni jambo la maana. Kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi hivi, takriban 6 huambukizwa, na mama akiwa na VVU pia idadi hiyo hukaribia kuongezeka mara mbili. Katika miezi hiyo mtoto wa Marekani huja kliniki kwa chanjo akiwa na miezi 2, akarudi akiwa na 4, akarudi tena akiwa na 6. Analetwa mwenyewe mpaka kwenye sindano, mara tatu. Kilichobaki ni kitu kidogo mno, mtu mwenye kazi ya kukumbuka.

Mchukueni Mama Fulani. Alipokuwa mjamzito alipimwa, maana Kentucky ilitunga sheria ya jambo hilo mwaka 2018, nanyi mwaka 2020 mkapendekeza kupima homa ya ini C katika kila ujauzito karibu nchi nzima. Majibu yakaonyesha ana virusi. Yakaingia katika faili lake, kwa daktari wake, kwenye jengo lake. Mtoto akazaliwa, akafungwa utepe mkononi ulioandikwa "mtoto wa kiume wa Fulani", akapewa namba yake na faili lake, kisha daktari wake katika jengo jingine upande wa pili wa mji. Wazazi wakampa jina. Sasa wakubwa, kwa Wakongo wengi watoto wa tumbo moja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi, na wala si lazima yafanane na la baba. Kompyuta inamtafuta mtoto wa Fulani. Mtoto wa Fulani hayupo. Yupo mtoto mwingine kabisa, mnene, mwenye afya, ambaye faili lake halisemi neno lolote kuhusu ini la mtu.

Anabaki mama awe tarishi wa majibu yake mwenyewe. Anafika kliniki ya watoto na mtoto wa miezi 2. Mama mkwe ameketi pale. Mkalimani, ambaye ni mimi, anaimba naye kwaya moja Jumapili. Muuguzi anauliza, huku anaandika, kama wakati wa ujauzito kulikuwa na tatizo lolote. Nanyi mnatarajia kwamba hapo ndipo Mama Fulani atatamka ugonjwa ambao mji mzima unaujua kuwa wa watu wa sindano za mitaani. Hajawahi kushika sindano ya namna hiyo maishani. Sehemu kubwa ya homa ya ini C ya Afrika ya Kati ilisambazwa na sindano za zahanati zilizotumiwa kwa zaidi ya mtu mmoja, lakini hilo huwezi kulieleza katika ziara ya dakika chache huku mtoto analia. Anasema hapakuwa na tatizo. Nami natafsiri.

Kinachonikereketa ni kwamba mnajua namna ya kufanya. Homa ya ini B ina mpango wake wa kitaifa tangu mwaka 1990, kwa fedha zenu, wenye waratibu katika kila jimbo. Mama akigundulika ana B, mtoto anachomwa chanjo na kingamwili ndani ya saa 12, kisha yupo mtu ofisini anayefuatilia dozi zilizobaki, na mama asipofika humtafuta. B ana wa kumpigia simu. C hajapewa mpango wa namna hiyo wa nchi nzima, amepewa pendekezo. Labda kwenye foleni ya alfabeti bado hajaitwa.

Na kuna la Tanzania, ambalo nalisema kwa sauti ya chini kwa kuwa fedha zake nyingi zilitoka kwenu. Tangu PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, ianze mwaka 2003, mmesaidia kujenga kliniki ambamo mtoto wa mama mwenye VVU hupimwa akiwa na wiki 6 hivi, siku ileile ya chanjo. Muuguzi anafungua kadi ya kliniki ambayo mama anaibeba mwenyewe kwenye mkoba, anaona alama iliyowekwa humo, anachoma kisigino cha mtoto na kudondosha matone kwenye viduara vya karatasi nene, anaianika ikauke, inakwenda maabara. Mama na mtoto wako kwenye benchi moja, mbele ya muuguzi mmoja. Si kwamba kule homa ya ini C imepata bahati hiyo, kuipima kwa wajawazito bado si desturi. Ila utaratibu wa kumfuata mtoto kwa damu ya mama mliuona ukifanya kazi Mwanza na Mbeya. Kuurudisha Kentucky kumekuwa safari ndefu.

Mtanijibu kwamba bima si shauri lenu, ni la wenzenu wa Baltimore wanaosimamia Medicaid, bima ya umma ya wenye kipato kidogo. Haya, lakini hesabu hii nisaidieni kuifanya. Dawa za kuponya homa ya ini C humezwa kwa wiki 8 au 12, na kwa kawaida mjamzito husubirishwa mpaka ajifungue. Kwa miaka mingi, Medicaid ya mama aliyeingia kwa ajili ya ujauzito ingeweza kukatwa siku 60 baada ya kujifungua. Wiki 8 ni siku 56. Kwa hiyo Mama Fulani alikuwa na siku 4, nyuzi bado hazijakauka, za kupata rufaa, kibali cha bima na dawa yenyewe. Wa wiki 12 hakuwa na hesabu hata ya kuanzia. Sasa majimbo yameruhusiwa kufikisha miezi 12, na Kentucky imefanya hivyo. Lakini wale waliokosa nafasi zamani wamekwisha kubeba mimba nyingine, na kirusi kilekile.

Mtoto naye akikutwa nacho, dawa zimeidhinishwa kuanzia umri wa miaka 3. Wengine miili yao hujisafisha kabla ya hapo. Watoto hawa wote hatuwaombei haraka, tunaomba tu wajulikane, ili miaka 3 ikitimia awepo anayejua nani wa kumwita.

Ombi langu si kubwa. Kabla mama hajatoka wodini, majibu yake yaandikwe katika faili la mtoto kwa mkono wa mtu anayelipwa kufanya hivyo, na mtu huyo awe na simu. Akihitaji mkalimani anipigie, ila anitafutie pia mwenzangu wa kanisa jingine.

Wenu mtiifu,
Mkalimani, Lexington.

Nakala: Faili la mama.
Nakala: Faili la mtoto. (Tafadhali pelekeni mbili tofauti, mafaili haya hayajuani.)