Shukrani kwa Saa Uliyonipa

Bofa, Kilifi

Kwa Mheshimiwa uliyenikabidhi mashine ya sukari,
Kupitia kwa yeyote anayekusomea magazeti.

MINTARAFU: SAA YA MEZANI

Mimi ni yule mwalimu mstaafu wa hesabu aliyesimama kushoto kwako chini ya hema, tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani. Kwenye picha naonekana nusu. Nusu ya pili imezibwa na kiwiko chako. Nakuandikia kukupa taarifa ya mashine yako, maana tangu siku ile hajaja mtu kuiulizia hali.

Mashine ni nzima. Haina mkwaruzo. Inataja saa usiku na mchana bila kukosea hata dakika moja, na hapa nyumbani ndiyo tuliyoamkia daku. Kijitabu chake kinasema inaweza kukumbuka vipimo 500. Mpaka leo inakumbuka tisa. Nitakupa hesabu ya zile stripu kumi za kutilia tone la damu zilizokuja ndani ya kisanduku, kwa kuwa nimefundisha hesabu miaka mingi na sipendi kuacha jambo bila kulifunga.

Ya kwanza uliitumia wewe. Ulisema unatuonyesha kwamba haiumi, ukadungwa kidole mbele ya kamera, ikatoka 5.4, tukakupigia makofi. Mashine iliyotumika, kama ilivyotokea, ndiyo yangu.

Ya pili niliipoteza kwa embe. Nilikuwa nimemmenyea mjukuu ngowe, mimi mwenyewe sikuonja hata kokwa. Nikajipima, ikasoma 15.1, mke wangu akaanza kulia. Muuguzi mmoja jirani akaniuliza kama nilinawa mikono. Sikunawa. Utamu uliobaki kidoleni huingia kwenye tone la damu, na mashine haijui kutenganisha sukari ya embe na sukari ya mwalimu. Nikanawa kwa sabuni, nikajikausha, nikatumia ya tatu: 9.8. Ya nne aliichukua mke wangu, alisema amechoka kuulizwa anacholia, akapata 5.1, akarudi zake kukaanga mahamri. Ya tano ilikataa kwa sababu damu niliyoitoa ilikuwa kidogo. Stripu hairudii, ukiikosa umeikosa.

Tano zilizobaki nilizitumia kwa adabu. Alfajiri tano mfululizo, kabla sijatia kitu kinywani, nadunga ubavuni mwa ncha ya kidole ambako maumivu ni machache. Ikawa 8.9, kisha 8.1, kisha 7.6, ikapanda kidogo 7.9, halafu 7.2. Daktari aliniambia nilenge baina ya 4 na 7. Mheshimiwa, siku zile tano nilijifunza kuliko nilivyojifunza kwa hotuba zote za chini ya hema. Nilijua kwamba usiku wa wali wa nazi una malipo yake asubuhi. Nilijua kwamba kutembea kutoka kwangu hadi ufuoni na kurudi, baada ya chakula cha jioni, kunashusha namba. Mahamri manne yakawa mawili, na mbaazi zikaongezeka. Nilikuwa nimebakisha 0.2 tu nifike.

Kisha ikawa saa.

Nilikwenda mjini kununua stripu. Duka la kwanza wanazo, lakini za mashine nyingine. La pili pia za mashine nyingine, na si ile ya duka la kwanza. Kumbe kila mashine ina stripu yake, kama kufuli na ufunguo, na fundi wa biashara hii anagawa kufuli bure. La tatu wakaniambia za aina yangu huagizwa Mombasa, wakanitajia bei. Kila stripu moja ni mahamri manne. Nikifuata agizo la kujipima mara mbili kwa siku, mke wangu atakaanga manane kila siku kwa ajili ya kidole changu peke yake, kabla hatujafika kwenye dawa. Jirani aliniazima moja ya kwake. Haikuingia. Umetupa bao, Mheshimiwa, kete ukarudi nazo.

Ramadhani ikaingia. Kudunga kidole hakubatilishi saumu, hilo mashekhe na madaktari hawagombani. Na mwongozo wa madaktari hauna mafumbo: sukari ikishuka chini ya 3.9, au ikipita 16.6, fungua hapo hapo, magharibi iwe mbali au karibu. Vidonge ninavyomeza vina tabia ya kuiteremsha. Siku ya 12, baada ya alasiri, mikono ikaanza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka, maneno yakawa mazito. Ni njaa ya kawaida, au ni sukari imeanguka? Nikaiwasha mashine yako kwa mazoea. Mke wangu akainama, akasoma kiooni: 4:10. Akasema, "Alhamdulillahi, nne na kitu, uko sawa."

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi.

Nilikula tende tatu na maji, nikalala chini mpaka mikono ikatulia. Siku ile nimeshailipa. Kama nilikula saumu yangu bure au niliokoa roho yangu, mashine haikuandika.

Nisikuchoshe kwa historia, lakini ipo moja itakufurahisha. Mashine za aina hii zilipoanza huko Marekani hazikuuzwa kwa wagonjwa. Ziliwekwa hospitalini, moja ya kazi zake ikiwa kumtofautisha usiku mlevi aliyezimia na mgonjwa wa sukari aliyezimia. (Hapa kwetu kwenye mnazi zingekuwa na kazi nyingi.) Mwaka 1969 mhandisi mmoja wa New York, Richard Bernstein, mgonjwa wa sukari tangu utotoni, aliitaka ya kwake. Hakuuziwa, kwa kuwa si daktari. Mkewe alikuwa daktari. Ikanunuliwa kwa jina lake, mume akaanza kujipima mara kadhaa kwa siku. Yeye alinyimwa mashine. Mimi nimepewa.

Usinijibu kwamba mhamasishaji wa afya wa mtaa anayo mashine. Najua. Septemba 2023 wahamasishaji 100,000 waliagwa Nairobi wakiwa na mikoba, na kipima sukari kimo ndani. Wa kwetu ni binti mwema, ana nyumba nyingi za kupitia. Siwezi kumtaka aje Bofa kila alfajiri kabla sijanywa chai.

Juzi nilikwenda kliniki. Daktari akaperuzi kumbukumbu ya mashine, akatulia kwenye kipimo cha kwanza kabisa. "Hii 5.4 nzuri sana, mwalimu. Ulikula nini siku hiyo?" Nilishindwa kumjibu. Tafadhali nijulishe ulikula nini.

Na ukinijibu, tia ndani ya bahasha kopo moja la stripu hamsini. Usije mwenyewe, hema halihitajiki, na kiwiko changu mimi kinatosha.

Kabla ya kuifunga barua hii nimeiwasha tena mashine. Kioo kimeandika 5:40. Ni saa kumi na moja na dakika arubaini, alfajiri, na sijala kitu.

Wako mtiifu,
Mwalimu mstaafu, Bofa