Nadharia ya Rimoti: Mhadhara wa Msambweni

Wazee wangu wa baraza, akina mama mliosimama hapo mlangoni kama kwamba mnapita tu, na nyinyi watoto mlioko juu ya mwembe, tulieni. Mbele yenu yuko mtaalamu wa katuni wa kimataifa. Kimataifa, kwa sababu nimevuka Lungalunga hadi Horohoro, nikanywa chai, nikarudi. Uprofesa nilijitunuku mwenyewe baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa kina, na nafsi haikuwa na pingamizi.

Mada ni ukuaji wa chaneli ya katuni. Wajinga (simtaji mtu, ingawa mmoja amekalia mkeka wangu) huupima kwa idadi ya watazamaji. Mimi huupima kwa idadi ya wazee walionyang'anywa rimoti. Kwa kipimo hicho, Akili Kids! ilizaliwa na meno. Ilianza kurusha matangazo tarehe 31 Machi 2020, wiki mbili hivi baada ya shule kufungwa kwa ajili ya korona. Waasisi wake, Jesse Soleil na Jeff Schon, walifungua mlango wakakuta watoto wa Kenya nzima wako nyumbani, hawana pa kwenda. Hebu muulizeni muuza madafu yeyote wa Diani kama aliwahi kuamka akakuta wateja wote wamefungiwa uani kwake!

Mimi rimoti yangu ilitekwa siku ya tatu. Tangu hapo taarifa ya habari ya saa moja naisikia kwa jirani, kupitia ukuta.

Sasa, chaneli kama hiyo ilipata wapi nafasi? Andikeni. Kabla ya 2015, mwaka tuliozimiwa mitambo ya analogi, masafa yalikuwa kama punda: stesheni moja, mgongo mmoja. Dijitali ikayageuza matatu ya Likoni kwenda Ukunda. Imejaa, makanga bado anapiga bodi, na kila mara pana nafasi ya mmoja zaidi. Ukishanunua king'amuzi cha chaneli za bure na antena, hulipi kitu mwisho wa mwezi. Akili Kids! ikapanda gari hilo, ikakaa dirishani.

Antena yangu nimeifunga kwenye boriti ya mkoko juu ya makuti. Kusi ikivuma, picha hukatika vipande vipande. Juzi kiboko wa katuni alikwama mdomo wazi dakika nne nzima. Mjukuu mmoja akapanda, mwingine akasimama mlangoni akiamrisha: "Zungusha! Umepita! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!" Kiboko akafunga mdomo. Mwenzangu wa Diani anadai yake huharibiwa na mbega. Nimeukataa utafiti wake. Mbega anajilia majani yake. Wa kupekua mali za watu ni tumbili.

Turudi kwenye historia. Ted Turner wa Marekani alinunua ghala kwanza, duka baadaye. Mwaka 1991 alichukua Hanna-Barbera pamoja na rundo la katuni zake za zamani, na tarehe 1 Oktoba 1992 akafungua Cartoon Network. Miaka ya mwanzo chaneli iliishi hasa kwa marudio. Vipindi vyake yenyewe vilifuata polepole, Dexter's Laboratory ikija mwaka 1996. Na hapa ndipo nilipogundua siri ambayo Turner naye aliigundua, ingawa hakunitaja. Mtu mzima ukimrudishia habari atakwambia ameshaisikia. Mtoto atakwambia, "Tena!" Mjukuu wangu huanza kucheka kabla paka hajateleza, maana kuteleza kwenyewe anakujua kwa moyo. Hakuna bidhaa nyingine duniani inayouzika vizuri zaidi ikiwa imechakaa, labda kanga ya kulalia.

Kutengeneza mpya ndiyo kazi. Kwenye televisheni zetu picha 25 hupita kila sekunde, kwa hiyo kipindi cha dakika kumi ni picha 15,000. Nairobi waliifanya kazi hiyo kwa Tinga Tinga Tales, iliyotoka 2010 ikiwa na rangi za michoro ya Edward Said Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyekuwa akichora kwa rangi ya kupaka baiskeli. Dar es Salaam, Ubongo walianza kurusha Ubongo Kids mwaka 2014, hesabu kwa Kiswahili. Kisha wakamleta Akili, binti wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, ambaye ndiye mmiliki wa...

"Babu, siye! Akili huyo ni wa Ubongo, wa Dar. Chaneli ni ya Nairobi. Wamefanana jina tu."

Nani kasema? Wewe uliye juu ya mwembe? Shuka. La, usishuke, umeshika antena.

Mabibi na mabwana, kijana huyu ni msaidizi wangu wa utafiti. Kosa lile nililiweka makusudi kupima kama mnasikiliza. Maswali hayaruhusiwi. Vyeti vya kuhudhuria vyapatikana kwa mama wa mahamri, shilingi hamsini, mbaazi mbali.