Sifa za Kabambe Inayojaza Mapengo

Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Leonard Stern na Roger Price, walitoa kitabu cha Mad Libs. Hadithi imeachwa mapengo, mchezaji anataja maneno bila kuiona, kisha upuuzi unaotokea unasomwa kwa sauti na watu wanavunjika mbavu. Kitabu hicho kilinunuliwa kwa pesa. Sericho, kule Isiolo, mchezo wenyewe ulikuja bure ndani ya kabambe, yaani simu ndogo ya vitufe.

Anayestahili maua yake ni T9, ile kamusi ya kukisia maneno iliyobuniwa na kampuni ya Tegic ya Seattle katika miaka ya 1990. Kila kitufe kina herufi tatu au nne. Mwandishi anakibonyeza mara moja tu, na simu ndiyo inayoamua alitaka kusema nini. Unyenyekevu ulioje kuikabidhi simu ya mulika mwizi madaraka hayo! Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilikuja na tochi, vitufe vilivyozibwa vumbi lisiingie, na kamusi hiyo. Vumbi lilizuiwa. Maneno ya ajabu hayakuzuiwa.

Mfugaji akitaka kuandika "maji" atabonyeza 6, 2, 5, 4. Akitaka "mali" atabonyeza 6, 2, 5, 4. Hapo simu imeonyesha kuielewa nchi kuliko wapangaji wengi wa maendeleo, maana ng'ambo hii ya mto Ewaso Ng'iro, karibu na kinamasi cha Lorian ambacho kiangazi hubaki jina tu, mwenye maji ndiye mwenye mali. Tatizo ni kwamba anayesubiri ujumbe kisimani hajui kama kilichokwisha ni maji au mali.

Kamusi ikiwa ya Kiingereza, uhondo huongezeka. "Bei" ni 234, na Kiingereza kina "beg" kwenye vitufe hivyo hivyo. Mchuuzi wa ngamia anauliza bei kwa heshima zake zote, ujumbe unafika ukiomba msaada. "Mtu" ni 688, na ndivyo ilivyo "out", kwa hiyo mtu hutolewa nje kabla hajafika. "Sasa" ni 7272, sawa na "papa". Niko njiani papa! Huyo ni samaki wa Lamu, si wa Sericho, lakini mchezo mzuri haubagui mikoa.

Ukarimu mkubwa zaidi wa kamusi hii uko kwenye ngeli. Watu wa, mifugo ya, nyumba za: zote ni 92. Vizazi vya watahiniwa wa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, tangu 1985 hadi mtihani huo ulipokoma 2023, walitokwa jasho wakijaza nafasi za Kiswahili kwa kuchagua jibu moja kati ya manne. Kabambe inawapa wote alama sawa, aliyesoma na asiyesoma. (Walimu hawajaishukuru.)

Jina lenyewe la Sericho linajulikana mbali. Wakusanyaji wa vimondo duniani wanaliandika bila kukosea baada ya mawe mazito ya chuma na olivini kutambuliwa karibu na Habaswein na Sericho mwaka 2016, ingawa wachungaji wa ngamia waliyajua miaka mingi kabla. Kamusi ya simu ingali inajikuna kichwa.

Mahali pamoja tu mchezo huu hauna nafasi: M-Pesa. Kule ni tarakimu, na hakuna anayetaka simu imkisie kiasi cha kutuma.

Asiye na ucheshi abonyeze # mara mbili haraka haraka, kamusi itazimika. Baada ya hapo "maji" itamgharimu mibonyezo sita na "mali" minane, badala ya minne.