Mpangaji wa Nusu Mita Alale Wapi?

Mimba ikishafika mwezi wa nane, tafuta futi upime chumba chako, maana Kariakoo hawatakupimia. Kule utauziwa kitanda chenye droo tatu, seti ya shuka za dubu, mito minne, na yale matakia marefu ya kuzungushia ukingo. Mpangaji anayekuja ana wastani wa kilo tatu na urefu wa nusu mita. Hana nguo za kujaza droo, na halipi kodi.

Chumba chake ni chako. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri kichanga alale chumba kimoja na wazazi kwa miezi 6 ya kwanza angalau, ila juu ya godoro lake mwenyewe. Sisi wa chumba na sebule tulilitii shauri hilo kabla halijaandikwa. Namwonya hasa yule aliyejenga juzi, akapaka chumba cha mtoto rangi ya anga na kuchora mawingu ukutani. Mawingu ni mazuri, na bibi mzaa baba akija kutoka mkoani atayafurahia, kwa sababu atalala humo yeye. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, na mama aliyejifungua juzi hapaswi kutembea korido usiku kucha kumfuata.

Sasa godoro. Bonyeza kwa kiganja, kisha uondoe mkono. Likibaki na bonde, mrudishie mwenye duka, kwa sababu pua ya mtoto italikuta bonde hilo na shingo yake haina nguvu za kuitoa. Liwe gumu na tambarare, lienee kitandani bila kuacha mwanya pembeni, lifunikwe shuka moja iliyovutwa na kuchomekwa. Basi. Mto, blanketi zito, dubu na yale matakia ya ukingoni vinaweza kumziba pumzi. Marekani ilipiga marufuku kuuza matakia hayo mwaka 2022, pamoja na vitanda vya kichanga vilivyoinamishwa sana. Kama shangazi ameshakuletea zawadi ya mito minne, mshukuru kwa moyo wote, kisha uipange mgongoni mwako unaponyonyesha.

Mlaze chali. Hapa ndipo kikao cha ukoo kitakapochafuka, kwa kuwa kila mwenye mvi atasema akicheua atapaliwa. Jibu kwa adabu: "Mama, akilala chali njia ya hewa inakuwa juu na ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakirudi, ni vigumu yapande kuingia kwenye njia ya hewa." Akilala kifudifudi mambo yanageuka. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, Marekani ikafuata 1994, na huko Marekani vifo vya ghafla vya vichanga usingizini vikapungua kwa zaidi ya nusu. Sijui zawadi nyingine ya bure inayomfaa mtoto kiasi hicho. Kifudifudi kina wakati wake: mchana, akiwa macho, na mtu akimtazama.

Huna kitanda kidogo? Usikope. Tangu mwaka 1938 serikali ya Finland imekuwa ikitoa boksi la kadibodi lenye vifaa vya mtoto, na chini kuna kigodoro, kwa hiyo watoto wengi wa nchi ile tajiri wamelala ndani ya boksi. Kinachotakiwa ni sehemu imara, tambarare, isiyopinduka, iliyo karibu na mkono wa mama.

Najua pia kwamba nyumba nyingi zitaishia kwenye kitanda cha tano kwa sita: baba, mama, kichanga, na kaka mtu wa miaka mitatu anayelala akicheza mpira. Salama zaidi ni kila kichanga kuwa na sehemu yake. Ikishindikana kabisa, panga watu kabla ya taa kuzimwa. Kaka mtu aende upande wa baba au kwenye godoro la chini. Asigusane na mdogo wake. Mito iwe mbali na kichanga. Pengo la ukutani lisibaki, kwa kuwa mwili wa nusu mita unazama humo. Aliyekunywa, anayevuta sigara, au aliyemeza dawa ya usingizi asilale na mtoto. Mkeka upo sebuleni, na si adhabu. Sofa ndiyo hatari kuliko vyote. Mzazi aliyechoka akisinzia pale na mtoto kifuani, mtoto huteleza hadi kwenye kona ya takia, na hakuna atakayesikia.

Aliyezaliwa njiti ana utaratibu wake. Wauguzi watakufundisha kangaruu, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapo kifua cha mama ndicho kitanda, na baba naye ana kifua. Fuateni maelekezo ya wodini hata shangazi akinuna.

Chandarua kisikosekane. Kile cha mwavuli kinachofunguka kama kawa kinapendeza, lakini kiangalie mtoto akishalala: mkono ukigusa wavu, mbu atanyonya kutoka nje bila kuingia. Chenye dawa ulichopewa kliniki, kikining'inizwa juu ya kitanda chote na kuchomekwa chini ya godoro, kinawatosha wote.

Joto nalo lina siasa. Bibi aliyelea watoto kwenye baridi ya Makete atamvika mjukuu kofia, soksi na sweta mbili, Januari, Dar es Salaam. Usigombane naye. Mwombe apitishe vidole nyuma ya shingo ya mtoto. Akikuta jasho, atamvua mwenyewe. Viganja vya kichanga huwa baridi kwa kawaida, visiwadanganye. Na wewe uliyeko Makete yenyewe mwezi wa saba, mwongeze mtoto nguo, lakini jiko la mkaa libaki nje. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na katika chumba kilichofungwa inamaliza familia nzima usiku mmoja.

Kuna nyumba ambako wembe utawekwa chini ya godoro kumkinga mtoto na mabaya. Heshimu nia, hamisha wembe uende juu ya kabati. Uzi wa shingoni ufungue kabla hajalala.

Saa nane usiku akilia, mnyonyeshe ukiwa kitandani, si kwenye sofa. Akishiba, mcheulishe, mlaze chali, chomeka chandarua, ulale upesi. Saa kumi ataamka tena, na zamu hiyo ya kubadilisha nepi ni ya baba.