Kwa Mheshimiwa Kanuni ya 231, Popote Ulipo

Mheshimiwa Kanuni,

Sisi huku Burungu, Masisi, mashariki mwa Kongo, si mbali na Kitchanga, tulio wazima ni wazima. Makatekista wenzangu wamenituma nikuandikie, kwa sababu kalamu yangu ndiyo iliyobaki na wino, na kwa sababu tumegundua, kwa kuchelewa kidogo, kwamba unatuhusu.

Tunaambiwa ulizaliwa tarehe 25 Januari 1983, Papa Yohane Paulo II alipotangaza Sheria Kanoni mpya, nawe ukawa mmoja wa ndugu 1,752. Aya yako ya kwanza inasema mlei anayejitoa kwa huduma maalumu ya Kanisa, kwa muda au moja kwa moja, ana wajibu wa kupata malezi yanayofaa kwa kazi yake. Aya ya pili inasema ana haki ya ujira wa kumtunza yeye na jamaa yake, na haki ya kuwekewa hifadhi ya jamii na matibabu. Tuliisoma yote mara mbili. Mzee mmoja kati yetu akaomba irudiwe polepole pale penye matibabu, akatutazama mmoja mmoja kuona nani anacheka.

Tunakupongeza kwa mpangilio. Wajibu umeutanguliza, haki ukaiweka nyuma. Wajibu umekwisha kufika Burungu. Haki bado iko njiani, na barabara ya Sake unajua ilivyo: kila kizuizi kinataka kitu kidogo, na haki haitembei na faranga mfukoni.

Tumewajua pia majirani zako. Wa 230, mlango wa pili, anasema kwamba mlei akisimikwa kuwa msomaji au mhudumu wa altare, hilo halimpi haki ya kulipwa na Kanisa. Na wewe, kwa adabu, umeanza aya yako ya pili kwa kumwomba radhi. Wa 229 ni mkarimu kupita kiasi. Anatupa walei haki ya kusoma katika vyuo vikuu vya Kanisa na kutunukiwa digrii. Tulishangilia. Fakultia ya teolojia ya Kinshasa ipo tangu mwaka 1957, enzi za Chuo Kikuu cha Lovanium, na tuko tayari kuanza muhula ujao. Tatizo ni dogo tu: kutoka hapa hadi Kinshasa watu huenda kwa ndege, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, na benki za mjini zikafungwa nao, kwa hiyo hata ile akiba yetu ya uzeeni uliyotuahidi tusingejua pa kuipokelea. Kuna na ndugu yako wa 250, anayempangia mseminari miaka 6 kamili ya filosofia na teolojia. Hatumwonei wivu mseminari. Tunauliza tu: siku zetu tatu za semina, daftari moja na sahani ya wali, ni sehemu ya ngapi ya miaka 6.

Tusionekane watu wasio na shukrani. Kwa barua ya tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko alitutangazia kwamba ukatekista ni huduma rasmi ya Kanisa, na kwamba atakayesimikwa awe na malezi ya Biblia, ya teolojia, ya kichungaji na ya ufundishaji. Desemba ya mwaka huohuo kitabu cha ibada ya kusimika kikawa tayari, na tarehe 23 Januari 2022 makatekista wa kwanza, wakiwemo watu wa Peru, Brazili na Ghana, wakapewa msalaba mbele ya Papa katika Basilika la Mtakatifu Petro. Miezi minane tu! Ndipo tulipojua kwamba Kanisa likiamua jambo haliendi polepole. Ibada ya kumsimika mtu aliyesoma ilipatikana kwa miezi minane. Shule ya kumsomesha inatafutwa tangu ulipozaliwa. Na kuhusu huo msalaba, Mheshimiwa, wenzetu wa Roma wasijisumbue na gharama za usafirishaji. Misalaba huku ipo.

Mwaka uliofuata Papa alikuja nchini kwetu. Goma ilikuwa kwenye ratiba ya kwanza, ya Julai 2022, kisha ikaondolewa kwa sababu ya usalama. Nasi tunaafiki, usalama ni kitu kizuri, tumewahi kusikia habari zake. Tarehe 2 Februari 2023 alikutana na vijana na makatekista katika Uwanja wa Mashahidi, Kinshasa. Wiki moja kabla, tarehe 26 Januari, waasi wa M23 walikuwa wameingia Kitchanga. Kwa hiyo ukiona wa upande wetu hawakuhudhuria, usiandike kwamba ni watoro. Walikuwa njiani na magodoro kichwani.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana naona ulitungwa na watu waliodhani katekista ni mtu wa kukaririsha watoto amri kumi. Padri asipofika, na vita vinamzuia mara nyingi kuliko mvua, ibada ya Jumapili ni yetu, wagonjwa ni wetu, maziko ni yetu, daftari la wabatizwa tunalificha sisi. Na maswali tunaulizwa sisi. Mama mmoja wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, anauliza kama anaweza kupokea ekaristi akiwa anamjua aliyemuua mwanawe, anajua na nyumba anayolala, naye hajasamehe. Kijana anauliza kama kiapo alichoapishwa msituni ni dhambi ya kuungama, au haihesabiki kwa kuwa alishikiwa bunduki. Mhunde na Mtutsi wanakaa benchi moja, Injili ya siku ni ile ya kumpenda adui, na wote wawili wananitazama mimi, hawamtazami Mathayo. Huku tunahesabu miaka tangu mauaji ya soko la Ntoto, Walikale, Machi 1993. Wapo wanaowakumbuka waliokimbilia monasteri ya Mokoto Mei 1996 wakauawa hapohapo, na mtu mzima anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: kama nyumba ya Mungu haikuwaficha, tunaingia humo kufanya nini?

Jibu la swali hilo halimo katika daftari la siku tatu. Mhubiri mwenye kipaza sauti, ng'ambo ya barabara, analo: ni laana ya ukoo, toleo la pekee litaiondoa. Anajibu upesi, na watu wanahama.

Usituambie haiwezekani. Kardinali Lavigerie aliwapeleka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani kusomea utabibu kule Malta, tangu 1881, ili wawe makatekista wenye ujuzi na wenye kazi ya kuwalisha. Adrien Atiman alitoka huko, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889, akatibu na kufundisha mpaka alipofariki 1956. Na mwaka 1975 Kardinali Malula alianza kuwakabidhi walei parokia za Kinshasa, wale bakambi, wake zao wakishiriki. Makardinali wote wawili walifanya hayo kabla hujazaliwa. Nashawishika kufikiri kwamba mambo yalikuwa mepesi zaidi kabla hayajawa haki.

Maombi yetu ni haya. Walimu wa teolojia waje kwetu, badala ya kutuita kwao, na waje baada ya kuvuna maharagwe, wakae majuma kadhaa kila mwaka, kwa miaka. Walete vitabu vya Kiswahili tubaki navyo. Wanawake wawe nusu ya darasa, kwa kuwa katika mashirika mengi wao ndio wanaobeba mafundisho. Na majuma hayo, watu wa nyumbani kwetu wapate kula. Pensheni tunaisamehe kwa sasa. Mzee anasema yeye haisamehi, nimwandike peke yake.

Kama unaona ni vema uje mwenyewe, njoo siku ya soko, Jumapili tuna kazi.

Wako katika wajibu,
Katekista wa Burungu, kwa niaba ya wenzake, pamoja na Mzee anayepinga

Nakala: Kanuni ya 785, inayohusu shule za makatekista, ambayo tunasikia nayo iko njiani.