Mpangaji Mpya wa Ukutani

Jamani, kosa langu lilikuwa moja tu. Nilisema mimi ni fundi.

Ningefanyaje? Kodi ya miezi miwili imenikaba, na mama mwenye nyumba yuko mlangoni saa moja asubuhi, mikono kiunoni. Hapa Bangkok bibi wa umri wake unamwita Pa, yaani mama mkubwa. Pa akanipima kwa macho juu mpaka chini. Anataka shelfu ya Buddha sebuleni kwake, ile ya zamani imeliwa na mchwa. Drili unajua? Najua, Pa. Mimi! Broka wa spineli kutoka Mahenge, niliyekuja huku na vijiwe kwenye karatasi nikidhani wanunuzi wa mtaa wa Silom watanigombania kama daladala ya mwisho. Tangu yale mawe makubwa yatoke Ipanko mwaka 2007, kwetu kila mtu broka. Fundi hayupo. Drili nimeishika siku hiyohiyo.

Ukuta wa kwanza ulikuwa mweupe, mzuri. Nikatoboa matundu manne, nikafunga shelfu, nikarudi nyuma kujisifu. Pa akaja. Nyuma ya ukuta huu kuna nini? Choo, Pa. Akanitazama kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani. Buddha haegemezwi na choo. Ng'oa.

Ukuta wa pili nikawa mjanja, nikazunguka nje kwanza. Hakuna choo, ni uchochoro na paka wake. Matundu manne mengine. Pa akasimama mbele ya shelfu, akaipa mgongo, akanyoosha kidole: kule jua linazama. Magharibi ni upande wa wafu, Buddha hatazamishwi huko. Atazame mashariki, au kaskazini. Sasa mimi kaskazini nitaijuaje ndani ya nyumba? Kaskazini ninayoijua mimi ni ile ya kwenye ramani ya darasa la nne, ilikuwa upande wa feni. Ng'oa.

Wa tatu ukapita choo, ukapita jua. Nikaweka pima maji, povu likatulia katikati kabisa, machozi yakanilengalenga. Pa akasema shelfu iko chini. Chini kivipi, nimeipima juu ya kichwa chako? Lakini Pa ananifika kifuani. Kumbe Buddha anakaa juu kuliko kichwa cha mtu mrefu kuliko wote nyumbani, na mrefu wa nyumba hii ndiye mdaiwa. Ng'oa, pandisha. Ukihesabu ni matundu 16. Sebule ya mwanamke wa watu imekuwa chekeche.

Ningeachiwa hapo ningeshukuru. Lakini Pa alitaka aongezewe Buddha wa siku yake ya kuzaliwa, na fundi ndiye wa kutumwa. Akanipa baht 1,500 na jina la barabara, Bamrung Muang, kule karibu na bembea kubwa nyekundu. Akanionya: usiseme unanunua. Buddha hanunuliwi, anakodiwa. Njiani nikampigia mshkaji wangu wa Nairobi tunayehangaika naye na mawe, nikamwambia naenda kumkodi Buddha. Akanyamaza. Halafu akauliza, buda wa nani, na familia yake imekubali? Kwao buda ni mzee wa mtu. Nikakata simu.

Barabara yenyewe, bwana, ni Buddha watupu. Wamepangwa nje mstari, wengine wakubwa kuliko mimi, wamefungwa nailoni ya njano kama sofa jipya. Nikaingia duka moja, nikasema kwa adabu nataka kukodi. Dada akafurahi. Na mimi, mjinga wenu, nikaongeza: namrudisha lini?

Dada akaita wenzake stoo. Wakaja wanne, mmoja na bakuli lake la tambi. Dada akanirudisha nyuma niseme tena. Nikasema tena. Yule wa tambi ikabidi aweke bakuli chini. Kumbe kukodi ni neno la heshima tu. Ukilipa umelipa, hakuna mwisho wa mwezi, hakuna mtu mlangoni saa moja asubuhi. Kodi ya hivyo ipo duniani na hakuna aliyeniambia!

Kisha dada akauliza, umezaliwa siku gani? Hapo nikavimba kichwa. Mtu anaitwa Jumanne, halafu unamuuliza siku? Nikajibu kwa Kithai kilichonyooka: Jumanne. Kila siku ya wiki huku ina sanamu yake. Jumatano ina mbili, ya mchana na ya usiku, kama zamu za walinzi. Ya Jumanne ni Buddha aliyejilaza ubavu. Yule wa hekalu la Wat Pho ana urefu wa mita 46. Wangu alikuwa kama mkate wa boflo.

Kwenye basi nikaweka mfuko sakafuni, katikati ya miguu. Bibi wa pembeni akauchungulia, akanipiga kofi la goti. Miguuni, we mtu? Nikampakata Buddha kifuani mpaka mwisho wa safari, mkono ukafa ganzi, basi zima linanilinda.

Pa akafungua karatasi. Akaunganisha viganja kifuani kwanza, akainamisha kichwa. Halafu akanigeukia. Huyu wa siku gani? Wa Jumanne, Pa. Nani kazaliwa Jumanne? Mimi, Pa. Yeye kumbe ni wa Jumamosi, na Buddha wa Jumamosi ameketi, nyoka wa vichwa saba kamfunika kama mwavuli. Pa akacheka mpaka akatafuta kiti. Aliyelala, akasema, nilijua tu wewe ni wa aliyelala. Nikataka kumrudisha dukani. Akaacha kucheka. Buddha si ndala, kwamba haikutoshi urudishe. Aende chumbani kwako, na 1,500 ziende kwenye deni lako.

Chumba changu mnakijua? Ukuta mmoja choo. Mmoja unatazama machweo. Mmoja ni mlango na dirisha. Uliobaki ndiko ninakonyooshea miguu nikilala, na Buddha hanyooshewi miguu. Nikageuza kitanda. Sasa kimeziba mlango nusu, naingia ubavu kama kaa, na kichwa changu kinalala ukutani kwa choo. Matundu yamefika 20.

Nikaweka na heshima zake. Koja la asumini. Mishumaa miwili. Vijiti vitatu vya udi, kimoja cha Buddha, kimoja cha mafundisho yake, kimoja cha watawa. Glasi ya maji. Na kwa moyo wangu mwema nikaongeza Fanta nyekundu na mrija, maana naziona kila kona ya mji huu. Pa akapanda kukagua. Hiyo ni ya kibanda cha nje, cha mizimu inayolinda kiwanja! Buddha hanywi soda. Toa. Nikainywa mwenyewe nimesimama, ya moto, Pa ananitazama mpaka nikaimaliza.

Juzi nikampigia mama kijijini, nijifariji. Mama, mimi si nilizaliwa Jumanne? Akacheka naye. Jumanne alikuwa babu yako, mwanangu, jina ulirithi. Wewe ulizaliwa Ijumaa, nakumbuka vizuri, ilikuwa Kwaresima na hatukula nyama.

Kwa hiyo yule pale juu si wa Pa, wala si wangu. Amejilaza zake, kodi yake imelipwa mara moja basi. Mimi nadaiwa miezi miwili na baht 1,500, na kesho saa moja ni mwisho wa mwezi. Nina spineli tatu hapa, nyekundu kabisa, moja tu ndiyo ina ufa. Kama una mteja, bei tutaelewana, nipigie leo usiku.