Miwani Yangu Si Mali ya Umma

Ukitaka kujua mtaani kwenu ni wangapi wasioona vizuri, wewe nunua miwani ya kusomea tu. Huna haja ya kufanya sensa. Watakuja wenyewe, kila mmoja na hodi yake na "samahani kidogo, jirani".

Wa kwanza ni jirani wa LUKU. Umeme ukimwishia usiku ananunua kwa simu, ujumbe unaingia na tarakimu zake 20, na hapo ngoma inaanza. Kwanza anabonyeza mwenyewe, maana mwanaume hashindwi na mita. Tatu inageuka nane, sita inageuka sifuri, mita inakataa. Anarudia, inakataa. Anaulaumu mtandao, anailaumu mita, anamlaumu aliyetengeneza mita. Akishamaliza orodha ya watuhumiwa ndipo anavuka uchochoro: "Jirani, hebu niazime macho yako." Macho yangu!

Wa pili ni fundi cherehani. Anaichukua ili atunge uzi kwenye sindano, kazi ya dakika moja, kisha miwani inakaa naye mpaka suruali zote za sikukuu ziishe. Nikiifuata naikuta imetua kwenye ncha ya pua yake, ina vumbi la chaki, naye ananitazama juu ya lenzi na kuniuliza nataka kushonewa nini.

Wa tatu ni baba mkwe. "Mkwe wangu, nipe hiyo miwani nisome Neno." Sasa hapo utasemaje? Utamnyima mzee Neno la Mungu, tena mzee aliyekupa mke?

Ukiwauliza kwa nini hawanunui yao, jibu ni lile lile: miwani inalegeza macho, ukishaizoea huachi. Wanaizungumzia kama sigara! Ukweli ni kwamba mtu akishavuka miaka 40 na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, ikashindwa kujikunja vizuri kutazama cha karibu. Hilo linampata kila mtu, mwenye miwani na asiye nayo. Miwani haimzeeshi mtu. Inamwonyesha tu kwamba ameshazeeka, na nadhani hicho ndicho wanachokikimbia.

Ningekuwa tayari kuazima mpaka ivunjike, lakini kinachoniudhi ni kwamba mimi nilipimwa kwanza, wao macho yao hayajawahi kutazamwa na mtaalamu hata mara moja. Baba mkwe ana kisukari. Akiisoma Luka kwa miwani yangu anatangaza kwamba macho yake mazima. Kumbe kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho kimyakimya, ndiyo maana mwenye kisukari hutakiwa kupimwa macho kila mwaka hata kama anaona sindano gizani. Na presha ya macho ndiyo balaa zaidi: mara nyingi haiumi, huanza kumega uoni kutoka pembeni, na mtu hushtuka akiwa anajigonga milangoni. Mtoto wa jicho afadhali. Huyo hutolewa kwa upasuaji, ikawekwa lenzi ya bandia, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kilicholiwa na presha ya macho hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu.

Lakini nani aende hospitali wakati mtaa mzima ni madaktari? Januari 2024 macho mekundu yalipoingia Dar es Salaam, kila baraza liligeuka kliniki. Huyu anasema maziwa ya mama, yule anasema chai ya rangi, mwingine anapendekeza mkojo, tena wa asubuhi. Wizara ya Afya ikabidi iwatahadharishe watu waache kujitibu kienyeji. Halafu wakaja wa miwani myeusi, walioamini kwamba ugonjwa unaambukizwa kwa kutazamana. Mtu kaziba macho barabara ndani ya daladala, asitazamwe, kisha anapokea chenji kutoka kwa konda aliyekuwa akijifuta machozi, na kidole hicho hicho anakipenyeza chini ya miwani kufikicha jicho. Kirusi hakikuhitaji kutazamwa. Kilihitaji mikono na taulo la kuchangia.

Na matone je? "Nipe yale ya macho," anasema mtu dukani, na anapewa. Chupa inatibu nyumba tatu, kisha inawekwa juu ya kabati isubiri mgonjwa mwingine mwakani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi, ambayo ikitumika muda mrefu bila daktari hupandisha ile presha ya macho. Na hata yaliyo salama, chupa nyingi ikishafunguliwa inatakiwa kutupwa baada ya wiki nne hivi.

Basi haya ya wakubwa tuyaache, watoto wamekosa nini? Binti wa jirani wa LUKU anatazama katuni pua ikigusa televisheni, baba anauita ukaidi. Shuleni anachungulia daftari la mwenzake, mwalimu anauita utundu. Mtoto haji kukwambia haoni, kwa sababu anadhani ubao huwa na ukungu kwa kila mtu. Dawa aliyopewa? Karoti. Vitamini A ni muhimu kweli, ndiyo maana watoto wa chini ya miaka mitano hupewa kliniki, lakini hata ule gunia zima la karoti, anayehitaji miwani atahitaji miwani. Makengeza nayo tunaambiwa ni urembo, yatanyooka akikua. Wapi! Ubongo hulitelekeza jicho lililopinda, na akishafika miaka saba au minane kulirudisha kazini ni shughuli pevu. Ukiona weupe katikati ya mboni ya mtoto, usiulize baraza. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana inaweza kuwa saratani. Na mtoto yeyote mpokonye simu, mtoe nje. Watafiti wamethibitisha kwamba mtoto anayecheza mchana kwenye mwanga wa nje ana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali. Bibi zetu walitufukuza ndani bila utafiti wowote.

Wazee wangu na majirani zangu, Alhamisi ya pili ya Oktoba kila mwaka ni siku ya afya ya macho duniani, na baadhi ya hospitali hupima bila malipo. Nendeni, na watoto muwabebe. Mwenye kisukari, au mwenye mzazi aliyepofushwa na presha ya macho, asingoje Oktoba. Aende wiki hii.